Profesa wa Ukimya

9 Februari 1996

Dada,

Wiki hii nimepiga simu kwa jirani yako mara nne. Kila mara naambiwa umeitwa, umepunga mkono, unakuja. Nasubiri, nasikia watoto wanagombana, halafu laini inakatika. Huji. Sijui safari hii nimekukosea nini. Nimeona bora nishike kalamu, maana barua angalau huwa unazijibu, tena kwa ukali wako uleule.

Nina habari njema. Kile kitabu kinatimiza miaka ishirini na mitano mwaka huu, na wachapishaji wanataka toleo jipya. Chuo nacho hakitaki kupitwa: kinafungua kituo cha utafiti, na mlangoni wataandika jina langu. Nilicheka walipoambiwa mafundi wapime herufi. Mimi, ambaye ulikuwa unanifuta kamasi kwa kanga yako!

Unajua kilipoanzia. Nilikuja ukumbini kwenu, pale kiwandani, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na daftari jipya, na saa niliyoazima. Niliwauliza wafumaji arobaini na mmoja kama kazi inawaumiza, na nilichopata si majibu. Nilipata kimya. Nikakipima kwa sekunde, nikakiandika, na humo ndimo nilimotoa hoja yangu nzima: kwamba mnyonge hanyamazi kwa kuogopa tu, bali huchagua kunyamaza, na kunyamaza kwake ni namna ya kukubali. Leo ukisema "ukimya wa hiari" katika chuo chochote, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua unamsema nani. Maofisa wa kazi wanafundishwa kwa kitabu hicho. Nimesimamia shahada kumi na tisa zilizotoka humo.

Sherehe ni mwezi wa Juni. Nataka ukae mstari wa mbele. Kitabu ni chako, ukurasa wa kwanza unasema hivyo: "Kwa dada yangu, aliyenifundisha thamani ya kunyamaza." Halafu nitafutie ile picha uliyopiga na wenzako getini. Wachapishaji wanaitaka kwa jalada.

Msalimie mpwa wangu Kasuku. Bado anaongea mpaka usingizini?

Mdogo wako,
Maswali


20 Februari 1996

Maswali,

Hongera. Nimefurahi, usije ukadhani nimenuna. Mama angekuwa hai angetembea nyumba kwa nyumba na kile kitabu kichwani.

Lakini sherehe iweke pembeni kidogo. Nina neno na wewe.

Kasuku amepata kazi kiwandani. Ndiyo, palepale. Nimesema mpaka nimechoka, amekataa kusikia, kazi nyingine hakuna. Kwa sasa yuko stoo anakunja vitambaa, lakini wanataka kumpeleka ukumbi wa mashine, wanapopeleka wasichana wote wenye mikono myepesi. Na mimi nimeapa mwanangu haingii ukumbini kama ulivyo. Kwa hiyo sisi wanawake kumi na tisa wa zamani tumeandika malalamiko, na kwa bahati iliyotushangaza wenyewe, imeundwa tume ya uchunguzi. Tunataka vitu vitatu tu. Mashine zifunikwe zipunguze kelele. Wasichana wapewe vizibo vya masikio. Na wapimwe masikio kila mwaka bila anayeonekana ameharibika kufukuzwa.

Wiki iliyopita tume ilikaa. Wakili wa kampuni akasimama na kitabu cha jalada la buluu. Nikasema moyoni, huyo si wa kwetu huyo? Akafungua ukurasa wa sitini na nne akasoma: "Waliyajua madhara yao, wakachagua kuyanyamazia." Akasema hata profesa mkubwa amethibitisha kwamba hawa mama walikuwa wameridhika, leo wanalalamika nini? Kasuku alikuwa amekaa mbele yetu anaturudishia kila neno kwa midomo.

Kwa midomo, Maswali. Sasa keti chini kama umesimama.

Mimi ni kiziwi. Si wa mzaha. Sikio la kushoto lilikwenda kabla hujaja na daftari lako, la kulia likalifuata polepole. Ndiyo maana siji kwenye simu. Nije niishike ile simu nifanye nini, niinuse? Ukija kunitembelea nakutazama mdomo, nacheka ukicheka, naitikia ukitulia. Tangu ufuge ndevu nakupata nusu nusu, ndiyo maana unaniona mkali: nusu ya maneno yako najazia mwenyewe.

Na wale wenzangu arobaini na mmoja nao walikuwa hivyohivyo, wengine zaidi. Hawakukunyamazia. Hawakukusikia.

Tume inakaa tena tarehe 18 Aprili. Njoo useme hivyo. Ukisema wewe, hicho kitabu kinakufa mikononi mwa wakili, na ukumbi unatengenezwa kabla mwanangu hajaingia. Sina ombi lingine kwako duniani.

Dada yako


2 Machi 1996

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kuketi sikuweza.

Kwa nini hukuniambia? Miaka ishirini na saba! Nimekula mezani kwako, nimelala kwenye kochi lako, tumemzika mama pamoja. Nilikuwa nadhani una hasira na mimi kwa sababu nilisoma na wewe ukaacha shule. Nimebeba mzigo huo miaka yote, kumbe mzigo hata si huo. Nimeumia, nakwambia kweli. Siku mbili sijaingia darasani.

Lakini naomba unielewe na mimi. Mambo haya si mepesi namna hiyo. Wapo waliojibu. Bibi wa mashine ya tatu, yule mwembamba, nilimuuliza kama kelele na vumbi vinamuumiza, akasema, "Ndiyo hivyo, mwanangu, tumeshazoea." Nimemnukuu ukurasa wa sabini. Yule alisikia. Tena hoja yangu haikubaki ukumbini kwenu. Watu wameipima migodini, mashambani, hospitalini, katika nchi ambazo sijawahi kufika, na wameona inafanya kazi. Nadharia ikishakua haiishi tena nyumbani kwa mama yake. Nikienda mbele ya tume nikasema "nilikosea", watasikia kwamba vyote ni uongo, na si kweli kwamba vyote ni uongo.

Huenda ipo njia ya katikati. Ninaweza kuandika maelezo mafupi katika toleo jipya kwamba baadhi ya washiriki walikuwa na shida ya usikivu. Nieleze kwanza ilikuwaje. Nieleze yote, usiniachie kitu.

Maswali


11 Machi 1996

Wewe bwana,

"Shida ya usikivu." Lo! Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi si mwanafunzi wako.

Umesema nikueleze yote. Haya, sikiliza, maana wewe masikio unayo.

Pale kiwandani palikuwa na msimamizi mmoja mwenye funguo. Alikuwa anapita nyuma ya mtu wakati mashine zimezimwa, anaangusha funguo sakafuni. Usipogeuka, Jumamosi unalipwa na huambiwi kwaheri. Mfumaji kiziwi alikuwa hatari, eti hasikii kengele. Wao wametuziba, halafu wanatufukuza kwa kuzibwa. Basi tukajifunza. Tukawekeana zamu ya kutazama: aliye mbele akiona funguo zinatoka mfukoni, anakuna kichwa, na sote tunageuka kama tumesikia. Tulikuwa mabingwa, Maswali. Tungeweza kupiga umbea siku nzima kwa midomo, mita kumi toka mashine hadi mashine, na kumcheka mbele ya uso wake.

Halafu ukaja wewe, na daftari, na saa mkononi, umeletwa na msimamizi yuleyule. Wangejuaje kwamba hukuja na funguo zako? Hata hivyo wangekujibu, kwa ajili yangu. Wote walijua wewe ni nani. Siku ya kwanza nilisimama nyuma yako ninawarudishia maswali yako kwa midomo. Unakumbuka ulifanya nini? Uligeuka ukaniambia, "Dada, toka nje, utaniharibia majibu." Nikatoka.

Ukabaki nao peke yako. Na ukainamisha uso! Chuoni walikufundisha usiwakazie macho watu, ni adabu, watajisikia huru. Basi ukawa unauliza huku unatazama daftari. Mtu anayesoma midomo umemwonyesha utosi. Walibaki wanasubiri uinue kichwa, na wewe unahesabu sekunde.

Bibi wa mashine ya tatu alibahatisha. Ndiyo hivyo, tumeshazoea: hilo ndilo jibu tulilokuwa tunampa kila mgeni, awe wa afya, awe wa dini, awe anauza sabuni.

Kwa nini sikukuambia? Kwanza, ungeandika. Wewe huwezi kuona kitu usikiandike. Msimamizi angesoma, na wanawake arobaini na mmoja wangekuwa nje kabla ya mwisho wa wiki. Pili, ulirudi na kitabu tayari kimechapwa. Mama alikuwa analia kwa furaha, umeniandika mimi ukurasa wa kwanza. Ningesema nini pale? Nikameza. Kwa hiyo kama unatafuta mtu aliyenyamaza kwa hiari yake, alikuwepo mmoja tu, na hukumhoji.

Sitaki maelezo mafupi. Sitaki njia ya katikati. Kasuku amepewa barua: anaingia ukumbini mwezi wa Mei. Nataka uje.

Dada yako


25 Machi 1996

Dada yangu,

Nimeshuka stoo ya maktaba nikayatoa madaftari ya zamani. Nilikuwa sijayafungua tangu kitabu kitoke. Mwandiko wa kijana mwenye haraka, anayeinua kichwa akishamaliza kuuliza. Mfumaji wa sita: "sekunde kumi na mbili, anatazama kinywa changu." Wa tisa: "sekunde ishirini, anatazama kinywa changu." Nimehesabu. Niliandika "anatazama kinywa changu" mara kumi na saba, na katika kitabu nikaipa jina, nikaiita mtazamo wa kukataa. Ipo sura nzima. Kuna mtu amepata udaktari kwa sura hiyo.

Nililia pale stoo. Mtunza maktaba akaniletea maji, akidhani nimefiwa.

Nilimgusia mhariri wangu. Alinitazama kama nimemwambia nataka kuchoma nyumba. Mkuu wa chuo naye ameshapata harufu, ameniita akaniuliza, kwa upole sana, kama niko salama kiafya, na kama ninajua kibao cha mlangoni kimeshalipiwa. Wale kumi na tisa niliowasimamia wana kazi, wana watoto, wamesimama juu ya ubao niliowawekea mimi. Nakutajia haya si kwa kukwepa. Nataka ujue ninakuja huku nayajua.

Nitakuja tarehe 18. Nitasema. Na nitanyoa ndevu, upate kila neno.

Nisamehe kwa kukutoa nje siku ile.

Mdogo wako,
Maswali


22 Aprili 1996

Maswali wangu,

Ninaandika kwa haraka, usicheke mwandiko.

Ulipoingia bila ndevu nilikuona kama ulivyokuwa na miaka kumi na minne. Bibi wa mashine ya tatu alinibana paja akaniambia kwa midomo, "Huyo ndiye yule mtoto wa saa?" Nikamwambia ndiye. Amekongoroka sana siku hizi, anapumua kwa shida, lakini alikataa kubaki nyumbani.

Bahati mbaya ile meza ya mashahidi inatazama tume, tukaambulia mgongo wako. Lakini Kasuku alikuwa ametugeukia, anaturudishia. Jamani, mdogo wangu! "Nilikosea. Hawakunyamaza, hawakunisikia, na niliyepaswa kumsikiliza nilimtoa nje ya mlango." Alipofika hapo mwanangu machozi yalikuwa yanamtoka, midomo inamcheza, ikabidi arudie. "Kitabu changu kisitumike dhidi yao." Wanawake kumi na tisa tulishikana mikono kama wasichana wa shule. Niliona mwenyekiti anaandika, anaandika, na wewe ulipomaliza akakuinamishia kichwa. Hata wakili wa kampuni alisimama akakupa mkono. Nikasema, tazama, mtu akisema kweli hata adui anamheshimu.

Ulitoka haraka, sikukuwahi mlangoni. Najua una mambo ya chuo.

Nilikuambia maneno makali. Ulipokuwa mdogo nilikuchapa ukalala na mimi nikakaa macho. Ni hivyohivyo mpaka leo. Umenirudishia kitu ambacho nilikuwa nimeshakizika. Nikifa kesho, nimekufa dada wa mtu.

Sherehe ya Juni nitakuja. Nitavaa lile gauni la kijani.

Dada yako


23 Aprili 1996

Mjomba,

Shikamoo.

Ninaandika nikiwa stoo, wakati wa chakula. Mama hajui.

Jana amekuandikia barua ya shukrani, akanipa niiposti. Nimeiposti. Nimeshindwa kuizuia, lakini huwezi kuisoma bila kujua alichokiona.

Mimi ninasikia, mjomba. Kwenye chumba kile, upande wetu, ni mimi peke yangu niliyesikia. Ulianza vizuri. Ulisema ni kweli wafumaji wengi walikuwa viziwi, na nikawapa kina mama neno kwa neno. Ukasema walikuwa wanaficha, ukasimulia mpaka habari ya kukuna kichwa, na wao wakacheka. Halafu wakili akakuuliza, "Profesa, jibu moja tu: hitimisho la kitabu chako linasimama au limeanguka?" Ukavua miwani. Ukaifuta. Ukasema, "Linasimama. Tena limeongezeka nguvu. Kuuficha uziwi kwa miaka mingi, kwa mpango na kwa kushirikiana, ndiyo sura safi kabisa ya ukimya wa hiari."

Wakili alitabasamu, mjomba. Lile la kuficha hakuwa analijua. Mama alikuandikia wewe, wewe ukampa yeye.

Nilikuwa nimewageukia wanawake kumi na tisa wanaonitazama mdomo. Bibi wa mashine ya tatu alikuwa ameinuka kidogo kitini ili asikose. Sikuweza. Nikawaambia ulichopaswa kusema. Kila ulipofungua kinywa, mimi nilisema kingine. Sijawahi kusema uongo mrefu vile maishani.

Sasa nisikilize. Mwenyekiti alitangaza kwamba maelezo ya nyongeza kwa maandishi yanapokelewa mpaka tarehe 15 Mei. Ukurasa mmoja unatosha. Andika yale niliyoyasema, uyafanye yawe yako. Nikikuona umeandika, mama hatajua milele, na mimi nitakuheshimu mpaka kufa.

Mimi naingia ukumbini tarehe 6.

Mpwa wako


6 Mei 1996

Dada mpendwa,

Barua yako imenifikia na imenigusa kuliko nishani yoyote. Nimeiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazi.

Usinishukuru sana. Mtu anasema anachoweza kusema, kwa jinsi swali lilivyoulizwa. Mambo ya tume yana lugha yake. Kuhusu maneno yenyewe, Kasuku amekueleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, basi yabaki kama alivyokueleza.

Wiki hizi nina kazi nyingi ya toleo jipya. Sherehe ya Juni imesogezwa, nitakujulisha. Usijisumbue na safari kwa sasa.

Mwambie Kasuku nimepata barua yake, na kwamba ninaitafakari kwa uzito wake.

Mdogo wako,
Maswali


14 Juni 1997

Dada,

Hii ni barua ya nne. Tatu hukuzijibu, na sikulaumu. Uamuzi wa tume niliusoma. Sikutegemea wangenukuu sentensi ile peke yake na kuacha nyingine zote. Ndivyo wanavyofanya watu wa sheria.

Nimechelewa, lakini nimefanya. Pamoja na barua hii utakuta toleo jipya. Nenda moja kwa moja sura ya mwisho. Ni yako. Nimeandika yote: funguo, zamu ya kutazama, utosi wangu, siku niliyokutoa. Nimenukuu barua zako kurasa sita bila kutaja jina lako. Nimejiweka uchi mbele ya wasomi wenzangu, dada, na nilidhani wataniponda. Imekuwa kinyume. Wanasema hakuna msomi wa rika langu aliyethubutu kuyahoji makosa yake hivyo. Mwezi uliopita nimepewa tuzo, na kwenye hotuba nilikutaja mpaka ukumbi ukasimama. Sasa vijana wanatafiti "uziwi uliofichwa" viwandani. Jina hilo limetoka kwako.

Ukweli sasa uko kitabuni, na hautafutika. Naomba uupokee kama toba yangu. Naomba nije.

Mdogo wako


2 Julai 1997

Maswali,

Kitabu nimekipata. Karatasi nzuri.

Sura ya mwisho nimeisoma yote, pale nilipokwama nikarudia. Umeandika vizuri, nisikunyime haki yako. Ila ukurasa wa mia mbili na themanini umesema dada wa mtafiti "alichagua kuondoka ukumbini". Sikuchagua. Hata sasa, unapotubu, umeshindwa kulisema hilo lilivyokuwa.

Uamuzi wa tume ulikuja kwa posta, kurasa tisa, na kusoma najua, nilikusomea wewe kabla hujaanza shule. Kifungu cha kumi na mbili: wanawake walificha hali yao kwa hiari na kwa mpango, kampuni isingeweza kujua, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Chini yake jina lako na cheo chako. Kasuku alipiga magoti akaniambia yote. Sikumgombeza. Kwa siku thelathini na saba alinipa mdogo wangu niliyemtaka, wewe hukuweza kunipa hata siku moja. Bibi wa mashine ya tatu alifariki kabla ya uamuzi. Alikuwa anakuombea, kila akipata pumzi.

Barua zangu nilikuandikia wewe. Sikuziandikia ukumbi usimame. Wenzangu walikaa na siri ile miaka yote, msimamizi na funguo zake hakuipata. Niliitoa kwa mtu mmoja tu duniani. Nina hasira na wewe, na nina aibu mbele yao, na nakupenda, vyote vitatu, na sijui nivipeleke wapi. Usije.

Umeuliza katika moja ya zile barua tatu Kasuku yu hali gani. Yuko mashine ya kumi na nne. Vizibo tulimnunulia wenyewe, msimamizi mpya akasema avitoe, hasikii kengele.

Jumamosi iliyopita mchana jirani alikuja amekasirika. Nikamtazama mdomo. "Punguzeni redio, ndani nina mgonjwa." Nikamwambia mama wee, mimi na redio wapi na wapi, nyumba yangu wewe unaijua. Akanionyesha chumbani. Nikaingia. Kasuku alikuwa amenipa mgongo, ameinama, kichwa karibu kabisa na redio, uso ameukunja, macho ameyafumba, anasikiliza taarifa ya habari. Niliweka kiganja juu ya meza, na meza nzima ilikuwa inatetemeka. Nikaipunguza redio mpaka mtetemo ukaisha. Hakujua kama niko pale. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaiongeza tena.

Dada yako